Balozi Aliyeanzia Ukurasa wa Mwisho

Balozi wetu alikuwa na tabia moja iliyoniudhi kuliko zote: akikuazima kitabu cha upelelezi, anakutajia muuaji palepale mlangoni. "Ni mpwa wake," anasema, huku anakifuta vumbi kwa kiwiko. "Haya, nenda kasome." Unabaki umesimama na kitabu mkononi kama mtu aliyepewa ganda la ndizi.

Ukilalamika, anacheka. Alikuwa na kicheko cha puani, kifupi, na mabega yanapanda juu.

"Wewe unasoma ili umjue mwizi," aliniambia siku moja. "Mimi namjua kabla sijaanza. Nafungua ukurasa wa mwisho, nakutana naye, tunasalimiana, halafu narudi mwanzo kuona mwandishi alivyomficha. Hapo ndipo penye utamu."

"Sasa mimi utamu wangu si umeshaumwaga, Balozi?"

"Kisome mara ya pili, utanishukuru."

Sikumshukuru hata siku moja. Lakini nilirudi kuazima kingine, maana pale kijijini kwetu Ihanja, ukiacha vitabu vya shule na vya dini, ni yeye tu aliyekuwa na kitu cha kusoma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani nasubiri maisha yaanze, na nywele za mabinti wa jirani nilikuwa nimeshazisuka zote.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na yetu ilikuwa mojawapo. Ukigombania mpaka wa shamba, ukifiwa, ukipata mgeni wa kulala, unaanzia kwake. Sijawahi kusikia mtu akimwita jina lake. Hata mkewe alimwita Balozi, na mke tukamwita Mama Balozi, akaridhika. Mwembamba, mrefu, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua la Oktoba likiwa linatoboa kichwa. Akikaa anakunja mguu mmoja chini ya mwingine, kitabu kimelala juu ya goti, na usipomwamkia kwa sauti hakusikii.

"Shikamoo Balozi!"

"Marahaba, marahaba. Ngoja kwanza, hapa mwandishi anadanganya."

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya hadithi fupifupi, vingi vya Ulaya, vingine vimetafsiriwa, vingine Kiingereza kitupu. Alivitoa mnadani, kwenye marundo ya mitumba, vimechanganyika na viatu. Vile vya Kiingereza alivisimulia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kinamama wamekalia ndoo zao za mtama na mahindi wakisubiri zamu. Tajiri mzee amekutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, na dirisha pia. Ndani ya nyumba yumo mpwa, daktari, mpishi, na mgeni aliyefika juzi. Nani kamuua?

Kinamama wa Ihanja hawakuwa wasikilizaji wapole. Hawakumsubiri amalize.

"Mzee mwenye mali analalaje chumba kizima peke yake? Wajukuu wako wapi?"

"Hana wajukuu."

"Na mlango umefungwa mpaka saa nne asubuhi hakuna aliyegonga? Hao majirani wana roho gani?"

"Majirani wako mbali, ni nyumba kubwa, ina bustani."

"Basi bustani ndiyo iliyomuua," akasema mmoja, na mashine nzima ikacheka.

Kikongwe mmoja aliyekuja na kijifuko chake cha uwele alikuwa amenyamaza muda wote. Akauliza, "Na marehemu mmeshamzika? Maana naona mnaulizana maswali tu."

Balozi akakuna kidevu. Nilikuwepo, nilimwona anavyofikiri. Ni kweli, katika hadithi zile maiti analala sakafuni, watu wanakunywa chai wakijadili funguo na saa, wala hakuna anayelia. Tangu siku ile alibadilisha usimulizi wake. "Wakamzika," alikuwa anaingiza, "watu wakala, ndugu wakaondoka, halafu ndio mpelelezi akaanza kazi." Kwenye kitabu hakuna maneno hayo. Aliyatia kwa heshima ya yule bibi, na aliendelea kuyatia hata baada ya bibi mwenyewe kufariki.

Alikuwa na maoni yake juu ya wahalifu. Alisema waandishi wabovu wanampa mhalifu kovu usoni, na waandishi wazuri wanampa tabasamu. Mhalifu mzuri ndiye anayeleta chai. Ndiye anayempa pole mjane kabla ya wengine. Anatajwa mapema, mara moja, kwa sentensi ndogo, halafu mwandishi anakupeleka ukamtazame mtu mwingine mwenye hasira. "Usimwogope mwenye hasira," alisema, "huyo amewekwa pale akupotezee muda." Nilipenda hilo, maana mimi ni mtu wa hasira.

Juu ya dalili alikuwa mkali zaidi. Dalili, kwake, ni kitu cha kawaida kilichokaa mahali pasipo pa kawaida. Mgeni anasema ametembea kwa miguu kwenye mvua, na kofia yake ni kavu. Mtumishi anasema hakuingia chumbani, lakini anajua taa imeisha mafuta. Akifika kwenye sehemu kama hizo anapiga paja. "Umeona? Imewekwa hapo wazi, juu ya meza, na wewe umeipita!" Nikimwambia kwamba yeye hakuipita kwa sababu alishamjua mwizi tangu ukurasa wa mwisho, anajifanya ananitafutia kiti.

Msidhani alikuwa mtu wa vitabu tu. Ubalozi aliujua. Kinamama wawili walipogombania kuku, kila mmoja akiapa ni wake, hakuwauliza maswali. Alimfunika kuku kwenye tenga nyumbani kwake mchana kutwa, jua lilipoanza kushuka akamwachia katikati ya njia na watu wote wakakaa kimya kumtazama. Kuku akajikuna, akadonoa mchanga bila haraka, kisha akaelekea kulala kwao. Kesi ikaisha. Hiyo ni njia ya wazee wetu, hakuitoa kitabuni, lakini alijisifia nayo kama kaigundua yeye.

Na mtu huyo huyo kwa mkewe alikuwa hoi. Alipenda sukari, na daktari alishamkataza, kwa hiyo Mama Balozi aliificha. Nyumba ile ina vyumba vitatu na jiko la nje. Balozi alitafuta miaka nenda rudi, akitumia akili zake zote za kipelelezi, na hakuipata. Sisi mabinti tuliijua ilipo, iko kwenye kopo la chumvi, rafuni, usawa wa macho. Tulinyamaza. Mama Balozi alikuwa akituona tukicheka anatukonyeza tu.

Basi nimekwisha kusema yaliyo mazuri. Sasa niseme la mama yangu.

Alifariki mzee mmoja wa ukoo mkubwa, watu wakaja kutoka Sepuka, kutoka Singida mjini, kutoka kila upande. Mama yangu alikabidhiwa stoo ya msiba. Asiyejua uzito wa jambo hilo nitamweleza: kwetu, vyakula vyote vinavyoletwa msibani vinaingia chumba kimoja, na mwanamke mmoja anashika ufunguo. Haombwi mtu kwa sababu ana nguvu. Anaombwa anayeaminika na Wakristo na Waislamu, na wenye nyumba na wageni, kwamba watu watakula wote na hakitapotea kitu. Mama alishika ufunguo huo misiba mingi. Hana shule, hana mali, baba alishatangulia. Sifa yake hapa duniani ilikuwa hiyo.

Siku ya kuanua matanga ikasemekana dumu moja la mafuta ya alizeti halionekani. Lilitangazwa limeletwa, watu walisikia, na sasa halipo.

Balozi akaanza upelelezi. Nilimwona anavyozunguka ile stoo na mikono nyuma, na nasema ukweli, nilifurahi. Nikasema sasa tutaona mambo. Alitazama kufuli, akainama kwenye mlango, akaja mpaka kwetu akainama kwenye kizingiti chetu. Jioni akaita watu, akasimama.

Alisema kufuli halikuvunjwa, kwa hiyo aliyeingia alikuwa na ufunguo. Alisema kwenye kizingiti cha Mama Neema, yaani mama yangu, kuna tone la mafuta mabichi. Akasema tena kwamba Mama Neema alipoambiwa dumu halipo hakushtuka. Akayapanga hayo moja baada ya jingine vizuri sana. Hata mimi, mtoto wake, kwa dakika moja nilisikia utamu wa mambo yanavyopangika, na bado sijui nijisikieje juu ya dakika hiyo.

Mama akainuka. "Kufuli lile ukilipiga kofi linafunguka, kila mtu anajua. Tone la mafuta, mimi nimekamua alizeti yangu wiki hii hii, mashudu yale pale nje, nguruwe wa jirani anayeyala ni shahidi. Na kushtuka, Balozi, mimi nimepikia watu siku zote hizi sijaona kitanda. Ningeshtuka kwa nguvu gani?"

Watu wengine walicheka kidogo. Nilidhani yameisha. Balozi akainua mkono, akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba hakuna haja ya kufika mbali, sisi ni majirani, tumsamehe mwenzetu.

Tumsamehe! Laiti angemshtaki. Ukishtakiwa unajitetea, unaapa, unaleta mashahidi. Ukisamehewa unafanya nini? Watu walimpa mama mkono mmoja mmoja, wanamwambia yamekwisha, na kila mkono ulikuwa unamwambia mwizi wewe. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto.

Hakuna aliyemtenga. Salamu zilikuwepo, mialiko ilikuwepo. Ila msiba ukitokea, ufunguo ulikwenda kwa mwingine, na mama alionyeshwa mapipa ya maji na rundo la sahani. Alizisugua. Miaka ikapita anasugua sahani za misiba ya watu, na hakusema neno.

Mimi nilisema. Nilikwenda kwa Balozi na vitabu vyake vyote nilivyokuwa navyo nikavibwaga mlangoni. Mama alipojua alinigombeza. "Kitabu kimekukosea nini? Rudi kachukue, na umwamkie." Nikarudi. Nikamwamkia nikiwa nimenuna, akaitikia akiwa ameinamisha macho, akanipa kimoja. Hakunitajia muuaji.

Baadaye nilihamia Mandewa, Singida mjini, nikafungua saluni, nikaolewa. Huko ndiko alikonikuta, siku aliyokuja mjini kutazamwa macho hospitali. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya lile dude la kukaushia nywele, magoti yamebanana, anaogopa kugusa kitu. Nilimpa chai, bila sukari. Mteja wangu alipotoka akanianza moja kwa moja.

"Neema, lile dumu bado nalitafuta."

Nilitaka kumfukuza. Nikakaa.

Akanieleza. Msimu uliofuata wa kukamua alizeti alipita nyumba zake zote, anajifanya anasalimia, kumbe anatazama vizingiti. Kila nyumba ilikuwa na tone, hata kwake. "Mimi siku ile niliangalia kizingiti kimoja tu," alisema. Akanieleza pia kwamba kabla hajaanza kuzunguka ile stoo, kuna mtu alimnong'oneza sikioni, usijisumbue, ni mwenye ufunguo huyo. "Nikaondoka pale na jina kichwani. Ukishakuwa na jina, kila unachokiona ni dalili. Angelia ningesema analia kwa hatia. Hakulia, nikasema hakushtuka."

"Kwa hiyo unajua si yeye."

"Najua."

"Tangu lini?"

Akatazama sakafu, nywele za watu zimezagaa miguuni pake. Alinihesabia wote aliowahi kuwashuku baadaye: wabeba maji, vijana wa turubai, wageni wa Sepuka. Aliwahi hata kuwaza kwamba dumu halikuletwa kabisa, kwamba mtu aliahidi, mtangazaji akatangaza, watu wakasikia limeletwa, maana kwetu ahadi na kitu vinatangazwa kwa sauti ile ile. Kila mara alifika mahali pakamshinda. "Namtaka mwenyewe, nimsimamishe mbele za watu, ndipo mama yako asafishwe."

"Balozi, si useme tu kwamba si yeye?"

"Nitasemaje si yeye bila kusema ni nani? Wataniuliza. Hakuna hadithi inayoishia hapo, Neema. Asiye na kosa anatoka mwenye kosa anapoingia."

Nilipandwa na hasira. "Mama yangu si hadithi! Anazeeka anaosha sahani, wewe umekaa unamsubiri mwizi ambaye pengine hata hayupo. Na ukifa kesho?"

Alikunywa chai yake yote. Akashukuru, akachukua fimbo yake, akaondoka kwenda kupanda gari la Ihanja. Nilijuta kwa ukali wangu kwa mtu mzima, lakini sikuyafuta maneno, na hata leo ningeyasema vile vile.

Mwaka jana Mama Balozi alifariki. Nilifunga saluni nikaenda. Nilimkuta Balozi amekaa mkekani kati ya wanaume, shati limefungwa mpaka shingoni, macho yamefifia, anageuza uso kwa kufuata sauti. Nyuma ya nyumba mama yangu alikuwa ameshafika kabla ya wote, amekunja kanga kiunoni, anajaza mapipa. Magunia yalikuwa yanashushwa, mchele, unga, madumu ya mafuta. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza stoo anakaa nani. Kinamama wakatazamana. Dada wa marehemu akataja mwanamke mmoja, mgeni kutoka Sepuka.

"Atakaa Mama Neema," alisema Balozi kutoka mkekani.

Kelele za kupakua mizigo zikakatika. Akainuka kwa fimbo, mkono wa pili ameshikilia bega la mtu.

"Kuna jambo nililisema mbele yenu, na mkaliamini kwa sababu mlikuwa mnaniamini mimi. Mama Neema hakuchukua mafuta. Nilipewa jina kwanza, halafu nikaenda kulitafutia dalili. Tone la mafuta lilikuwa kwake, na kwangu lilikuwepo, na kwenu lilikuwepo. Nilitazama kwake tu. Nikawaambia tumsamehe. Hakuwa na kosa la kusamehewa. Kosa ni langu, na aliyelala humo ndani aliniambia hivyo siku ile ile nikamwambia anyamaze."

Kisha mzee mmoja, bila ubaya, akauliza kile ambacho wote tulikuwa tunakingoja. "Sawa, Balozi, tumekusikia. Ila sasa dumu alichukua nani?"

Watu walisogea. Walimjua, walijua ana jina, atalitoa sasa. Nilimwona anavyofungua mdomo na kuufunga.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui. Nimetafuta sana, na sijui, na nitakufa sijui. Lakini si yeye."

Mnong'ono ukapita, mmoja akaguna, mwingine akasema haya. Wengine nadhani hawakuridhika. Walibaki wamesimama kana kwamba kuna neno bado linakuja. Balozi hakuongeza. Alisimama pale na sijui yake mbele ya nyumba zake zote, mtu mzima, siku aliyofiwa na mke.

Mama alikuja kutoka kwenye mapipa anajifuta mikono. Alipita katikati ya wanaume mpaka mbele yake. Hakuwahi kumwambia neno zaidi ya salamu tangu siku ile ya kusamehewa.

"Pole, Balozi," alisema. "Alikuwa mwenzangu."

"Asante, mama. Asante."

Mama akamgeukia mwenyekiti, akanyoosha kiganja bado kimelowa. "Lete ufunguo. Na mchele huo uliouacha juani uingizwe ndani, watu wanakuja kutoka mbali, watakula nini?"